George Eastman: Mwasisi wa Kodak aliyeua bidhaa zake ili kiwanda kiishi

MNAMO mwaka wa 1926, mzee mmoja Mmarekani aliyekaribia kutimiza umri wa miaka 72 aliwasili nchini Kenya kwa safari ya uwindaji. Alikuwa kapera, mtu wa miwani na maneno machache, na kambini alipenda kujipikia mwenyewe ijapokuwa hakukosa wapishi.

Alizuru maeneo ya wanyamapori akiandamana na wapiga filamu mashuhuri Martin na Osa Johnson, mtu na mkewe, ambao wakati huo walikuwa wamejenga makao yao karibu na Ziwa Paradise, Marsabit. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo, si cha kuuza bali cha kuwagawia marafiki.

Mzee huyo alikuwa George Eastman, mwasisi wa kampuni ya Kodak. Kufikia wakati huo, ilikuwa nadra kwa mtu kupiga picha popote duniani bila senti kadhaa za mfuko wake kuishia Rochester, mji wa kaskazini mwa jimbo la New York ambako viwanda vyake vilikuwa.

Wengi husimulia habari za Eastman kama hadithi ya maskini aliyetajirika. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Lililo muhimu zaidi kwa wenye viwanda, wa kwetu na wa kwingineko, ni kwamba mtu huyu aliziua bidhaa zake mwenyewe si chini ya mara tatu, tena zikiwa bado zinanunuliwa, ili kiwanda chake kisije kikauawa na bidhaa za wengine.

Eastman alizaliwa Julai 12, 1854 katika kijiji cha Waterville, jimbo la New York. Babake, aliyekuwa akiendesha chuo cha kufundishia masuala ya biashara mjini Rochester, alifariki mwaka wa 1862 na kuiacha familia katika hali ngumu. Mamake, Maria Kilbourn, alilazimika kupokea wapangaji nyumbani ili wanawe watatu wapate kula. Mmoja wa dada zake Eastman alikuwa mlemavu kutokana na ugonjwa wa kupooza.

Akiwa na umri wa miaka 14, George aliacha shule na kuajiriwa tarishi katika afisi ya bima kwa mshahara wa dola 3 kwa wiki. Jioni alisoma masuala ya uhasibu nyumbani. Mwaka wa 1874 aliajiriwa karani katika benki ya Rochester Savings, na mshahara wake ukapanda hadi zaidi ya dola 15 kwa wiki. Kwa kijana wa miaka 20 mwenye mama na dada wa kutunza, hiyo ilikuwa kazi ya kushukuriwa.

Mnamo 1877, Eastman alipanga kwenda likizo Santo Domingo, na mwenzake wa kazini akamshauri abebe kamera ili aweke kumbukumbu. Safari yenyewe haikufanyika, ila kamera alikuwa ameshainunua.

Kupiga picha siku hizo kulikuwa adhabu. Kamera ilikuwa kubwa na ilihitaji miguu mizito ya kuisimamisha. Mpigaji alibeba hema la giza, chupa za dawa, vioo, na jagi la maji. Kila picha ilihitaji kioo kupakwa dawa papo hapo, kutiwa ndani ya kamera kingali kimelowa, na kusafishwa kabla hakijakauka. Eastman alilipa dola 5 ili afunzwe namna ya kuutumia mzigo huo wote.

Ndipo aliposoma katika jarida moja la Uingereza kwamba wapigapicha wa huko walikuwa wakitengeneza vioo vikavu. Dawa ya madini ya fedha ilichanganywa na jelatini, ikapakwa kwenye kioo na kukauka, kisha kioo hicho kikawa tayari kutumika siku yoyote. Usiku, baada ya kazi ya benki, alianza kuchanganya dawa katika jiko la mamake. Inasemekana siku nyingine usingizi ulimzidi nguvu na akalala sakafuni kando ya jiko bila kuvua nguo.

Eastman hakuvumbua kioo kikavu. Alichofanya ni kuunda mashine ya kuvipaka vioo dawa kwa wingi na kwa usawa. Alipata hataza ya mashine hiyo Uingereza mwaka wa 1879 na Marekani mwaka wa 1880. Mwaka huo huo alikodi chumba cha orofani katika barabara ya State, Rochester, na kuanza kuuza vioo.

Mtaji ulitoka kwa mmoja wa wapangaji wa mamake, Henry Strong. Wawili hao walifungua ushirika wao rasmi Januari 1, 1881. Bwana Strong alikuwa mwenye kiwanda cha mijeledi ya kuendeshea farasi wa magari ya kukokotwa. Si rahisi kupata mfano bora zaidi wa bidhaa ambayo ilikuwa ikielekea kaburini. Sijui kama Strong aliyatazamia magari ya injini. Hakuna aliyeyatazamia wakati huo. Ila fedha zilizotokana na mijeledi ndizo zilizozaa Kodak, na Strong alibaki rais wa kampuni hadi alipofariki mwaka wa 1919, ilhali Eastman aliridhika na cheo cha mweka hazina huku kila mtu akifahamu mwenye usemi ni nani.

Septemba 1881, Eastman aliacha kazi ya benki. Nafasi ya mkubwa wake ilikuwa imebaki wazi na aliitarajia, lakini ikapewa jamaa wa mmoja wa wakurugenzi.

Haukupita muda mrefu kabla ya msiba wa kwanza. Wauzaji wa vioo vyake walianza kulalamika kwamba havishiki picha. Uchunguzi ulionyesha kwamba vioo vilipungua nguvu vikikaa muda mrefu dukani, na wauzaji walikuwa wakirundika vipya juu ya vikuukuu. Eastman aliamuru vioo vyote vibovu virudishwe na akavibadilisha kwa gharama yake, hatua iliyokaribia kuimaliza kampuni iliyokuwa haijatimiza hata miaka miwili.

Kisha likazuka jambo baya zaidi. Mwaka wa 1882, hata vioo vipya vilikataa kufanya kazi. Kanuni ya kuchanganya dawa ilikuwa ile ile, mikono ilikuwa ile ile, na bado havikufaa. Eastman alifunga kiwanda na kufanya majaribio mamia kwa mamia bila mafanikio. Mwishowe yeye na Strong waliabiri meli hadi Uingereza, wakaenda katika kiwanda cha Mawson na Swan mjini Newcastle, wakanunua kanuni yao, na Eastman akafanya kazi humo kwa wiki kadhaa akijifunza.

Aliporejea aligundua kwamba kosa halikuwa lake. Jelatini aliyokuwa akinunua ilikuwa imebadilika. Tangu siku hiyo hakununua shehena ya malighafi bila kupima sampuli kwanza.

Ilichukua zaidi ya miaka 40 kabla ya sababu hasa kujulikana. Mnamo 1925, mwanasayansi wa Kodak, Samuel Sheppard, alitangaza kwamba uwezo wa jelatini kuchangamsha dawa ya picha hutokana na chembechembe za salfa, na kwamba chembechembe hizo hutoka kwenye mimea ya jamii ya haradali ambayo ng'ombe hula malishoni. Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya ng'ombe. Kwa maneno mengine, kiwanda cha Marekani kilikaribia kufa kwa sababu ng'ombe fulani walibadilishiwa malisho.

Kufikia katikati ya miaka ya 1880, vioo vya Eastman vilikuwa vizuri, lakini vya washindani pia vilikuwa vizuri. Kila mtu aliyekuwa na chumba na beseni aliweza kuvitengeneza, na bei ikawa inashuka kila mwaka. Hapo ndipo wenye viwanda wengi hukazana kupunguza gharama na kuomba wenzao wafilisike mapema. Eastman alitafuta njia ya kuachana na kioo kabisa.

Akishirikiana na fundi wa kamera aitwaye William Walker, alitengeneza mkanda wa karatasi uliopakwa dawa na kuviringishwa ndani ya kisanduku kilichopachikwa nyuma ya kamera ya kawaida. Mwaka wa 1884 kampuni iliongeza neno filamu kwenye jina lake, na mwaka uliofuata kifaa hicho kikaingia sokoni.

Kilifeli. Wapigapicha wenye studio walikipenda kwa wepesi wake, lakini picha zilipochapishwa, nyuzi za karatasi zilionekana kwenye nyuso za wateja. Eastman akabuni karatasi ambayo utando wa dawa uliweza kubanduliwa na kuhamishiwa kwenye jelatini angavu. Picha zikawa safi, ila kazi ya kubandua ilihitaji mkono wa fundi, na mafundi wenyewe hawakuona kwa nini waache kioo walichokizoea.

Wateja wake walikuwa wamemkataa. Nafikiri hapa ndipo tofauti kati ya Eastman na wavumbuzi wengine wa zama zake inapoonekana wazi. Hakuwabembeleza wapigapicha, wala hakurudi kwenye kioo. Aliamua kutafuta wateja ambao hawakuwapo: watu ambao hawajawahi kupiga picha na hawakuwa na mpango wa kupiga. Watu hao hawakuwa na mazoea ya kuacha. Na kama kubandua utando ni kazi ngumu, basi kiwanda kingebandua kwa niaba yao.

Hivyo ndivyo kamera ya Kodak ilivyozaliwa mwaka wa 1888. Ilikuwa kisanduku kidogo cha kushikwa mkononi, kilichouzwa dola 25 kikiwa na mkanda wa picha 100 ndani yake. Mteja alivuta uzi, akabonyeza kitufe, akazungusha ufunguo. Mkanda ulipokwisha, aliifunga kamera nzima katika kifurushi na kuituma Rochester pamoja na dola 10. Alirudishiwa picha zake, za mviringo kama sarafu, na kamera iliyotiwa mkanda mpya. Tangazo la kampuni lilimwahidi kwamba kazi yake ni kubonyeza tu, mengine yote aiachie kampuni.

Jina Kodak halina maana katika lugha yoyote. Eastman aliliunda mwenyewe kwa kuchezea herufi, akitaka neno fupi ambalo halitamkiki vibaya na halifanani na jingine. Herufi K aliipenda, nayo ndiyo herufi ya kwanza ya ukoo wa mamake. Alilisajili Septemba 1888.

Dola 25 hazikuwa pesa kidogo enzi hizo, lakini walionunua walikuwa wengi kuliko alivyotarajia. Hata hivyo, hakungoja bidhaa hiyo izeeke. Mkemia wake kijana, Henry Reichenbach, alikuwa tayari anashughulikia filamu ya seluloidi, angavu kama kioo na nyumbufu kama karatasi. Mwaka wa 1889 filamu hiyo iliingia sokoni na kuizika ya karatasi baada ya mwaka mmoja tu. Miongoni mwa wateja wa mwanzo alikuwa Thomas Edison, aliyeihitaji kwa majaribio yake ya picha za kusonga. Biashara yote ya sinema iliyofuata ilisimama juu ya ukanda huo.

Lakini ujuzi wa kutengeneza filamu ulikuwa kichwani mwa watu wachache, na mapema mwaka wa 1892 Eastman aligundua kwamba Reichenbach na wenzake wawili walikuwa wakipanga kuanzisha kampuni ya kushindana naye. Aliwafuta kazi mara moja. Baada ya hapo ubora wa filamu ulishuka vibaya. Ilipofanyika hivyo, filamu zikawa zinaharibika kabla ya kufika kwa mteja, na kampuni iliyokuwa imepewa jina la Eastman Kodak mwaka huo huo ikaanza kuyumba.

Uokovu ulitoka kwa William Stuber, mpigapicha kutoka Louisville aliyeajiriwa mwaka wa 1894 na ambaye aliirudisha filamu katika hali yake. Ndiye aliyemrithi Eastman katika urais wa kampuni mwaka wa 1925. Kwa Eastman, mkasa huo uliacha funzo moja alilolitekeleza miaka 20 baadaye: kiwanda kisiwe mateka wa mapishi ya mtu mmoja.

Kabla ya hapo alikuwa bado anashusha bei. Mwaka wa 1895 alitoa Kodak ya mfukoni kwa dola 5. Mwaka wa 1900 akatoa Brownie, kamera ya boksi la kadibodi iliyosanifiwa na Frank Brownell, kwa bei ya dola 1, na filamu yake senti 15. Iliwalenga watoto. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 100,000, nyingi zikiishia mikononi mwa watu wazima.

Mtu anaweza kuuliza ni vipi kiwanda kinapata faida kwa kuuza kamera dola moja. Jibu ni kwamba hakikuwa kikiuza kamera. Kamera ilikuwa chambo. Filamu, karatasi na dawa, ambavyo mteja alirudi kununua tena na tena maisha yake yote, ndivyo vilivyoleta fedha. Tutalirudia jambo hili.

Itakuwa si haki kuandika kana kwamba Eastman alisalia juu kwa ubunifu pekee. Pale ambapo wengine walimtangulia, aliwanunua. Samuel Turner wa Boston ndiye aliyebuni mkanda wenye karatasi nyeusi nyuma uliomwezesha mtu kubadilisha filamu mchana kweupe. Eastman aliinunua kampuni yake mwaka wa 1895. Leo Baekeland alitengeneza karatasi ya Velox iliyochapisha picha kwa mwanga wa taa; ikanunuliwa mwaka wa 1899, na fedha hizo zikamsaidia Baekeland kuvumbua plastiki ya bakelaiti. Pacha wa ukoo wa Stanley walimuuzia kiwanda chao cha vioo na kujitosa katika magari ya mvuke, ambayo nayo yaliuawa na magari ya petroli. Wapo watu ambao bahati huwakimbia kwa miguu yote miwili.

Isitoshe, alifanya mikataba na watengenezaji wakuu wa karatasi ya picha wa Ulaya ili wasiwauzie washindani wake Marekani, na akawakataza wenye maduka kuuza bidhaa za wengine. Serikali ya Marekani ilimshtaki mwaka wa 1913, na mwaka wa 1915 mahakama ikaamua kwamba Kodak ilikuwa imevunja sheria dhidi ya ukiritimba. Kesi iliisha mwaka wa 1921 kwa makubaliano ya kuuza baadhi ya viwanda alivyokuwa amevinunua.

Kuna pia kesi ya kasisi Hannibal Goodwin, aliyekuwa ameomba hataza ya filamu ya seluloidi mwaka wa 1887, miaka miwili kabla ya Eastman kuuza ya kwake. Alipewa hataza hiyo mwaka wa 1898 baada ya mvutano wa miaka 11, na akafariki mwaka wa 1900 bila kufaidika. Waliorithi haki zake walikwenda kortini, na mwaka wa 1914 Eastman alilazimika kulipa dola milioni 5. Kwa kampuni ya ukubwa wa Kodak wakati huo, kiasi hicho hakikuwa kidonda kikubwa.

Mwaka wa 1912, Eastman alifanya jambo ambalo viwanda vichache vya Marekani vilikuwa vimelifanya. Alimtafuta mwanasayansi Mwingereza, Kenneth Mees, na alipoambiwa kwamba Mees hawezi kuiacha kampuni ndogo ya Croydon aliyokuwa mbia, Eastman aliinunua kampuni yenyewe. Kisha akamjengea maabara ya utafiti mjini Rochester. Mees alimtahadharisha asitarajie matunda kabla ya miaka 10. Eastman alikubali. Alichomkabidhi ni jukumu la kuangalia upigaji picha utaelekea wapi. Matatizo ya kila siku ya kiwanda yalikuwa na watu wake.

Maabara hiyo ilizaa filamu ya milimita 16 isiyoshika moto kwa wepesi, iliyouzwa kuanzia 1923 kwa watu waliotaka kupiga sinema nyumbani. Utafiti wa ng'ombe na haradali ulitoka humo humo. Filamu ya rangi ya Kodachrome, iliyobuniwa humo na wanamuziki wawili, ilitoka mwaka wa 1935 wakati Eastman alikuwa ameshafariki.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokata bidhaa za kemikali kutoka Ujerumani, Eastman aliamua hatategemea tena wauzaji wa mbali. Mwaka wa 1920 alinunua kiwanda huko Kingsport, Tennessee, cha kutengeneza spiriti ya mbao. Watu waliona ni matumizi mabaya ya pesa.

Kuhusu wafanyakazi, rekodi yake ina sura mbili. Kuanzia 1912 aliwapa mgao wa faida juu ya mshahara, jambo geni wakati huo, na mwaka wa 1919 akawatengea hisa zake zenye thamani ya dola milioni 10. Lakini hakutaka kusikia habari za vyama vya wafanyakazi. Pia, ingawa alitoa mamilioni kwa vyuo vya Tuskegee na Hampton vilivyosomesha Wamarekani weusi, viwanda vyake mwenyewe karibu havikuwaajiri, hali iliyoendelea hadi maandamano ya miaka ya 1960 mjini Rochester.

Kwa ujumla, aligawa sehemu kubwa ya mali yake akiwa hai. Chuo cha MIT kilipokea mamilioni kutoka kwa mfadhili aliyejulikana kama Bwana Smith tu, hadi siri ilipofichuka mwaka wa 1920. Chuo Kikuu cha Rochester kilipata shule ya muziki na shule ya utabibu. Alijenga kliniki za meno za watoto mjini Rochester, London na miji mingine ya Ulaya.

Hakuoa. Mamake alifariki mwaka wa 1907 na kumwacha katika jumba la vyumba vingi, ambalo sasa ni makavazi ya picha. Ukutani alitundika kichwa cha ndovu aliyemuua Afrika. Alirejea barani mwetu mwishoni mwa 1927, safari hii akiufuata Mto Nile, kisha hakuja tena.

Ugonjwa wa uti wa mgongo ulianza kumkondesha. Alishindwa kusimama kwa muda mrefu, na hatua zake zikawa za kuburura. Alikuwa amemwona mamake akimalizia siku zake kwenye kiti cha magurudumu. Machi 14, 1932, akiwa na umri wa miaka 77, alijitoa uhai nyumbani kwake baada ya kutia sahihi marekebisho ya wasia wake mbele ya mashahidi. Aliacha barua fupi kwa marafiki akieleza kuwa kazi yake ilikuwa imekamilika.

Kampuni aliyoiacha iliendelea kunawiri kwa zaidi ya nusu karne. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 140,000 kote duniani. Sisi tulioingia katika vyumba vya habari siku za filamu tunakumbuka harufu ya chumba cha giza, na mpigapicha aliyerudi mbio kutoka mkutanoni akihesabu picha zilizobaki katika mkanda wake wa 36. Vijijini, mtu alisubiri mkanda uishe, kisha ukasafishwe mjini, na wakati picha zinarudi, mtoto aliyepigwa akiwa mchanga ameshaota meno.

Lakini mwaka wa 1975, mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alikuwa ameunda kamera ya dijitali ya kwanza ya kubebeka. Ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Wakubwa wake hawakuona haraka ya kuipeleka sokoni.

Wanaosema Kodak ililala usingizi wakapitwa hawasemi kweli yote. Kampuni hiyo ilitumia mabilioni ya dola kwa utafiti wa dijitali, na mwaka wa 2005 iliongoza kwa mauzo ya kamera za dijitali Marekani. Tatizo lilikuwa lile tulilolitaja awali. Tangu 1888, kamera ilikuwa chambo na filamu ndiyo samaki. Kamera ya dijitali haikuwa na samaki. Kila aliyenunua moja aliacha kununua filamu, karatasi na dawa milele, na kila mkurugenzi aliyepiga hesabu aliona kwamba bidhaa mpya, hata ikifaulu, italeta faida ndogo kuliko ile inayouawa. Kisha simu za mkononi zikaja na kuifanya kamera yenyewe kuwa kitu cha bure.

Eastman alipoacha kioo, faida ya kioo ilikuwa imekwisha kutafunwa na washindani. Alipoacha karatasi, wateja walikuwa wameikataa. Kwa hiyo tusimkweze kupita kiasi: hakuwahi kutakiwa kuua bidhaa iliyokuwa na faida nono kama filamu ya miaka ya 1980. Hata hivyo, kila mara aliondoka kabla ya kufukuzwa, na kila mara alijua mahali anapokwenda.

Washindani wa Kijapani, Fujifilm, walikabiliwa na gharika hiyo hiyo na hawakuzama. Walichukua ujuzi wao wa kemia ya filamu na kuupeleka kwenye utando wa skrini za televisheni na kompyuta, vifaa vya matibabu, na hata vipodozi vya ngozi, kwani kolajeni ambayo huzaa jelatini ndiyo iliyo pia katika ngozi ya binadamu.

Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012. Ilitoka mwaka wa 2013 ikiwa kampuni ndogo ya mitambo ya uchapishaji, ambayo pia iliendelea kutengeneza filamu za sinema. Kile kiwanda cha Kingsport kilichoonekana ufujaji mwaka wa 1920 kilikuwa kimetenganishwa na mama yake mwaka wa 1994 kikiitwa Eastman Chemical, na wakati Kodak ilipokuwa kortini, kilikuwa kikiipita kwa mapato.

Mjini Rochester, majengo kadhaa ya Kodak Park yalilipuliwa kwa baruti mwaka wa 2007 kwa kuwa hayakuwa na kazi tena, na baadhi ya waliowahi kufanya kazi humo walisimama kando kuyatazama yakianguka. Majivu ya Eastman yamezikwa katika eneo hilo hilo, karibu na lango, chini ya jiwe la mviringo.